Somo: Kuvusha intaneti kutoka nyumbani hadi dukani

Nyumba iko Mamboleo, Kisumu, na ina faiba. Duka liko mita 400 mteremkoni. Waya wa mtandao, Cat6, mwisho wake ni mita 100, kwa hivyo tumia antena mbili za masafa ya 5 GHz zinazotazamana.

Nunua antena mbili za aina moja na adapta zake (zile zinazopandisha stima kupitia waya wa mtandao), Cat6 ya nje ya shaba tupu, vichwa vya RJ45 (vya kubana kwenye ncha za waya), mabomba mawili ya chuma na ruta ndogo. Ile Cat6 ya alumini iliyopakwa shaba iache dukani hata ikiwa nusu bei: stima hupotea njiani na antena inazima na kuwaka.

1. Panda paani utazame. Kuliona duka hakutoshi, maana wimbi hunenepa katikati ya safari. Kwa mita 400, acha mita moja na nusu wazi kuuzunguka mstari. Majani mabichi ya mwembe hunyonya 5 GHz, na yakilowa ni balaa.

2. Sanidi kila kitu mezani, si juu ya ngazi. Ruta ya nyumbani ikiwa 192.168.1.1, zipe antena anwani zinazoishia .2 na .3, ruta ya dukani .4. Antena zote ziwe daraja tu (bridge, yaani zipitishe mtandao bila kugawa anwani), ulinzi wa nenosiri WPA2, chaneli upana wa 20 MHz.

3. Ruta ya dukani: zima DHCP (kazi ya kugawa anwani), waya uingie tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si WAN (la intaneti). Wengi hukwama hapa. Ruta mbili zikigawa anwani kwa wakati mmoja, simu hii inapata mtandao, ile haipati.

4. Bana vichwa, ncha zote mbili sawa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

5. Funga na uelekeze. Mmoja azungushe antena polepole, mwenzake asome namba kwa simu. Kati ya -50 na -65 dBm (kipimo cha nguvu ya wimbi; karibu na sifuri ndiyo nguvu zaidi) ni sawa. Ikigoma kwenye -80 umeshika wimbi la pembeni. Lipite, endelea kuzungusha.

6. Unganisha bomba na ati ya nyumba (waya unaopeleka umeme ardhini) kwa waya wa shaba. Ngurumo za ukanda wa ziwa si mchezo, na hata ukiwa na ati, chomoa adapta wingu likitanda.

MASWALI

Mwanachama wa Ahero: Fundi, taa ya antena inawaka lakini data hakuna. Imekufa?

Jibu: Bado. Kwenye antena nyingi za volti 24, stima hupita nyaya 4, 5, 7 na 8 (hesabu kwa mpangilio wa rangi wa hatua ya 4), data 1, 2, 3 na 6. Bana upya kichwa.

Wa Kakamega: Naweza kuwauzia majirani?

Jibu: Hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wa Kondele: Nyumbani 20 Mbps, dukani 6, na dBm ni -58. Shida?

Jibu: Nguvu ipo, kelele imezidi. Changanua chaneli kutoka antena zote mbili, kwa sababu jirani anayesumbua dukani huenda hasikiki nyumbani. Hamia iliyo tupu. Isiposaidia, angalia kasi ya tundu la waya: ikisoma 10 Mbps badala ya 100, kosa ni kichwa au waya.