Volkano ya shuleni kwa kokoto na vumbi la mawe

Mtoto akirudi nyumbani na agizo la mradi wa volkano, wazazi wengi hukimbilia siki, magadi na rangi nyekundu. Povu linafurika, picha zinapigwa, basi. Mimi ni fundi wa mawe huku Kayole, na naona tunawapunja watoto, kwa sababu vifaa vya volkano yenyewe vimelala pale tunapojenga. Kokoto tunazochanganya kwenye zege hapa Nairobi, nyingi ni lava iliyoganda zamani. Mawe ya ukuta kutoka Ndarugo ni majivu ya volkano yaliyoshikana. Ndiyo maana mashine inayakata kwa urahisi na patasi inayala. Mlima wa volkano hujengeka kwa hivyo viwili, basi na wa mtoto ujengwe hivyo.

Tafuta kipande cha plaiwudi, gundi nyeupe ya seremala na rangi. Omba konzi chache za vumbi la mawe kwa fundi yeyote anayechonga. Kokoto zifunge ndani ya gunia, uziponde kwa nyundo wewe mwenyewe, si mtoto. Vipande vyake hukata jicho.

Tunatengeneza mlima uliopasuliwa katikati, kwani mlima mzima huficha kila kitu cha maana. Laza ubao. Chini kabisa chora chemba ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, pana, uipake nyekundu. Kutoka hapo pandisha njia kuu, nyembamba, hadi kileleni, na pale juu acha bakuli: hiyo ndiyo kasoko. Chora tawi moja linalotoka njia kuu hadi ubavuni, na uliwekee kilima chake kidogo. Longonot, wenye mita 2,776, una kilima cha namna hiyo.

Sasa tabaka. Anza karibu na njia kuu ukienda nje: paka gundi, mwaga kokoto zilizopondwa, acha zishike, kisha gundi tena, na vumbi la mawe. Rudia mpaka ufike mteremko wa nje. Usizilinganishe unene. Mlima haupimi kwa futikamba.

Wakati gundi inakauka, mweleze mtoto kwa nini tabaka ni za aina mbili. Ndani ya ardhi mwamba ukiyeyuka huwa mwepesi kuliko ule unaouzunguka, kwa hiyo hupanda na kujikusanya chembani. Magma hiyo imebeba gesi, hasa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, iliyoyeyushwa ndani yake kwa sababu ya mgandamizo. Ikipanda, mgandamizo unapungua, viputo vinatokea, vinavimba, vinaisukuma juu. Magma ikiwa ya majimaji, gesi hutoka bila fujo na lava hutiririka: tabaka la kokoto. Ikiwa nzito na ya kunata, gesi hukwama mpaka ipasuke, na mpasuko huo huisaga magma kuwa majivu: tabaka la vumbi. Mtoto aweke kidole na aseme mwenyewe, hapa ulitiririka, hapa ulilipuka. Mwalimu hatakuwa na la kuongeza.

Siki na magadi huonyesha gesi inasukuma, lakini gesi hiyo inazaliwa pale vitu viwili vinapokutana. Mlimani hakuna anayechanganya chochote. Afadhali chupa ya soda isiyo na rangi: kabla ya kufunguliwa huoni hata kiputo, ukilegeza kifuniko vinajaa ghafla. Gesi ilikuwemo muda wote.

Akitaka alama za ziada, aongeze kwamba chemba ikimwaga magma nyingi, paa lake huweza kudidimia na kuacha shimo pana sana liitwalo kaldera, kama Menengai na Suswa. Na akiulizwa kama Longonot umekufa, ajibu kwamba umelala: mvuke bado hutoka, na mlipuko wa mwisho unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1860.

Majina ya sehemu yaandikwe kwenye karatasi ndogo, yabandikwe mwishoni. Acha ubao umelala usiku kucha kabla ya kuusimamisha. Ukiharakisha, nusu ya mlima itabaki kwenye sakafu ya matatu, na makanga atakudai nauli ya mzigo juu yake.