SOMO: Kutumika umisionari uzeeni, na namna ya kuaga ukimaliza (someni kabla ya kupiga simu)

Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nimepigiwa simu na watu wanne wakiuliza jambo lile lile: nimestaafu, nguvu bado ninazo, nataka kwenda kutumika, nifanyeje? Wa tano alikuwa anamaliza, hajui anaagaje. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Marangu, makazi Moshi mjini. Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulitumika miaka miwili kwenye mtaa mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wilaya ya Longido, Umasaini. Yeye alishika useremala na paa la kanisa, mimi nilishika darasa la kusoma la akina mama.

Hatua ya 1. Anza na mchungaji wako. Usianze na rafiki yako aliyeko huko. Ukitoka Dayosisi ya Kaskazini (huku Moshi) kwenda Kaskazini Kati (upande wa Arusha na Longido) unahitaji barua za pande zote mbili.

Hatua ya 2. Pima presha, sukari, macho na meno. Hospitali ya KCMC, Mawenzi, popote lilipo faili lako.

Hatua ya 3. Mliokuwa serikalini, uhakiki wa wastaafu wa PSSSF (mfuko wa pensheni) usiwapite mkiwa porini.

Hatua ya 4. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, mkabidhi mtu mmoja kwa jina lake. Ukikabidhi kwa ukoo, utakuta kila mtu alidhani mwenzake anapalilia, ila mikungu kila mtu alikata.

Hatua ya 5. Mizigo: taa ya sola, viatu vya kufunga, miwani ya akiba, dawa zako za miezi mitatu, na sweta. Ndiyo, sweta. Watu wanadhani Umasaini ni joto tu, subirini upepo wa alfajiri ya Julai. Shuka msinunue, mtapewa.

Hatua ya 6. Miezi mitatu ya kwanza usibadilishe kitu. Salimia. Mwanamke akikuambia "takwenya", jibu "iko". Mtoto akikuinamishia kichwa, mguse utosini, usimpite. Mimi nilimaliza wiki nzima nikidhani watoto wa kule wana aibu, kumbe wanasubiri mkono wangu.

Hatua ya 7. Makabidhiano. Yanaanza siku uliyofika. Mwaka wa kwanza uwe umeshampata mtu wa pale pale wa kushika kazi yako, mwaka wa pili afanye yeye, wewe ukae benchi la nyuma. Wale wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza wakawaondoa. Kanisa halikufa, kwa sababu kulikuwa na walimu wa Kichaga waliokwisha kufundishwa na wakaendelea kufundisha. Basi jiulize: ukiondolewa kesho asubuhi, nani anajua ufunguo wa kabati uko wapi? Daftari la fedha likabidhiwe mbele ya watu wasiopungua watatu, hesabu isomwe kwa sauti, wote watie saini.

Hatua ya 8. Kutangaza kwamba unaondoka. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Tulimaliza mwezi Septemba. Tarehe niliijua tangu Juni, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nawaepushia watu machozi, lakini ukweli nilikuwa nakimbia yangu. Nikatangaza Jumapili, Jumamosi yake gari likaja. Sasa Septemba ni kiangazi. Vijana na baba zao wako ronjo (kambi za muda za mifugo) na ng'ombe, mbali, wanafuata malisho. Nusu ya watu niliokula nao miaka miwili hawakuwepo, na wala hawakujua. Alikuwepo koko (bibi, kwa Kimaasai) mmoja jirani, aliyetuletea maziwa karibu kila asubuhi. Wiki ile alikuwa kwa binti yake upande wa Ketumbeine. Aliporudi alikuta kufuli. Nilikuja kusimuliwa kwamba alikaa kibarazani kwetu na kibuyu chake mpaka jua likazama, akidhani tumekwenda mnadani.

Hilo la koko liliniuma, lakini la pili ndilo lililoharibu kazi. Mtu akiondoka ghafla, watu wanatafuta sababu. Kule ilisemwa kwamba mwalimu ametoroka. Wengine wakauliza: ametoroka na nini? Sanduku la akiba la akina mama likafunguliwa, likahesabiwa mara mbili. Haikupungua hata shilingi, lakini mwinjilisti tuliyemwachia darasa alitumia miezi miwili kujibu maswali yaliyonihusu mimi, na wanawake saba waliacha kuja.

Novemba tulirudi kuomba radhi. Mzee wangu alikata jani la isale kihambani, akalifunga vizuri kama tunavyofanya kwetu mtu akimkosea mwenzake. Tukampa koko kwa mikono miwili. Akaligeuza, akauliza kama mbuzi wanalila. Nikaeleza maana yake. Akatoka nje bila kusema kitu, nikajua tumekwisha. Akarudi ameshika nyasi mbichi za mvua za kwanza, akanipa. Kwao nyasi ndiyo isale.

Kwa hiyo:

- Mwambie mchungaji na wazee wa kanisa miezi mitatu kabla. Siyo wiki tatu.
- Kabla ya kutangaza madhabahuni, nenda boma kwa boma. Mtu aliyekulisha asisikie habari zako kwenye matangazo, katikati ya mnada wa kuku na ndoa za wiki ijayo.
- Kama tarehe iko mikononi mwako, ondoka wakati wa mvua. Watu wako nyumbani.
- USISEME "nitarudi Krismasi". Ukisema utasubiriwa, na watakaosubiri ni wale wasio na simu ya kukuuliza umefika wapi.
- Ahadi ya ada ya mtoto usiifanye peke yako wala siku ya mwisho. Kama ipo, ipitie usharika, iandikwe.

Hatua ya 9. Kugawa vitu. Orodha iandikwe mwezi mmoja kabla, mzee wa kanisa aishike yeye. Vya kazi vibaki kwenye kazi. Godoro lako, hiari yako. Usigawe siku ya safari, mtaondoka huku nyuma watu wawili wameshika sufuria moja.

Hatua ya 10. Ibada ya kuaga. Utapewa mbuzi. Pokea. Usiseme "jamani mngeacha tu". Usimuuze mbele ya aliyekupa, na usimpakie kwenye gari kimya kimya: kuhamisha mnyama kunahitaji kibali cha ofisa mifugo. Hotuba yako isizidi dakika tano. Taja watu na walichokufanyia. Usitaje ulichowafanyia wewe, wanakijua.

Hatua ya 11. Siku ya safari. Ondoka asubuhi. Ukishaaga, umeaga. Usirudi kuchukua chaja.

Hatua ya 12. Ukishafika nyumbani. Miezi sita usimpigie mrithi wako kumuuliza kazi. Mpigie kumsalimia tu. Na usishangae ukijiona mgeni sebuleni kwako. Mimi nilikuwa naamka saa kumi na moja nasikiliza kengele za mbuzi, nasikia bodaboda za Majengo.

Maswali wekeni hapa chini.

---

Kibo_Mstaafu: Asante Mwalimu. Nimepitia juu juu. Je, natakiwa kuanza na nani?

Mwalimu: Hatua ya 1.

Kijana wa Njiro: Mnalipwa shilingi ngapi kwa mwezi?

Mwalimu: Sisi tulipewa nyumba na maziwa ya koko. Unga tulinunua kwa pensheni. Kama unatafuta ajira, somo hili siyo lako.

Kijana wa Njiro: Nimeuliza tu mama, mbona ukali?

Mwalimu: Haya baba, nimekusikia. Ulizia kwanza dayosisi inayokupokea inagharimia nini, kila mahali wana utaratibu wao. Weka kando nauli ya kurudi nyumbani kwa dharura, na usiiguse. Sisi tuliihitaji mara moja, kwa msiba.

Mama Upendo, Kijenge: Shikamoo Mwalimu. Mama yangu ana miaka 63, ni mjane, muuguzi mstaafu. Anataka kwenda. Sisi watoto tunaogopa, tunamwambia akae alee wajukuu. Tunakosea?

Mwalimu: Marahaba mwanangu. Mimi siwezi kuwaamulia, lakini nitakuambia nilichokiona. Mjane akipelekwa peke yake kwenye nyumba ya pembeni, atachoka mapema. Ombeni apangiwe na mama mwenzake, au akae uani kwa mwinjilisti mwenye familia. Mpangieni siku ya simu, tuseme Jumapili jioni, na mahali mtandao unapopatikana apajue kabla hajahamia. Kadi ya bima aende nayo, na aulize ni kituo gani cha karibu kinaipokea. Na muuguzi ajue mipaka: akifika tu wataanza kumletea wagonjwa nyumbani usiku. Aseme tangu mwanzo kama atapokea au atawaelekeza zahanati. Wajukuu nao wataenda kumtembelea likizo, watarudi wanajua kukama. Mwulize pia anataka kwenda kwa muda gani. Miezi sita nayo ni utumishi.

Mama Upendo, Kijenge: Kuna muda maalumu? Jirani yangu alikuja na wageni wa Kimarekani, mume na mke wazee, wakasema wao ni miezi 18 kamili.

Mwalimu: Hao huenda ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wao wanandoa wazee hutumwa pamoja, na muda ni miezi 6, 12, 18 au 23, na hujigharimia kwa sehemu kubwa. Kwetu inategemea makubaliano ya barua. Lakini uzuri wa tarehe iliyoandikwa ni kwamba hata wenyeji wanaijua tangu mwanzo, hakuna wa kusema umetoroka. Ningekuwa na akili hiyo mwaka ule!

Ole wa Monduli: Mwalimu, samahani, nitasema wazi. Wachaga mnakuja kwetu kufundisha, mnarudi Moshi mmepewa mbuzi. Sisi hatuna wazee wa kufundisha?

Mwalimu: Ninyi mnao, na hatua ya 7 inasema hivyo hivyo. Sikwenda kwa kujituma, niliitwa kwa barua ya usharika wenu. Na mbuzi mmoja kwa miaka miwili, ndugu yangu, nadhani sijawafilisi.

Ole wa Monduli: Hahaha, sawa. Nimeisoma hatua ya 7 sasa. Mimi ni mwinjilisti, na swali langu la kweli ni hili: sisi tunaobaki tunatakiwa tuwaageje? Huwa tunafanya sherehe kubwa, kisha tunabaki na deni la mchele.

Mwalimu: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Fanyeni mambo mawili tofauti. Sherehe iwe ya siku ya ibada, chakula kile kile cha Jumapili, kila nyumba ilete chake. Ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) siyo lazima, hata sisi wa mlimani tunaziweka kwenye harusi kwa kushindana tu. Jambo la pili ni kikao, siku nyingine, bila keki wala kipaza sauti. Mwambieni anayeondoka kazi yake ipi iliwafaa na ipi haikuwafaa. Mimi baada ya kurudi Novemba ile ndipo niliambiwa kwamba darasa langu la saa nane mchana lilikuwa linawagombanisha akina mama na kazi ya kuchota maji. Miaka miwili walinivumilia! Ningeambiwa mapema ningelihamishia jioni. Mwinjilisti alilihamisha wiki hiyo hiyo, na watano kati ya wale saba wakarudi.

Ole wa Monduli: Ashe oleng, asante sana, Mwalimu. Nitalipeleka kwa wazee.

Mzee wa Usa River: Mkiongelea kuaga, wengine hawakupata nafasi. Pale Akeri kuna makaburi ya wamisionari Ovir na Segebrock, waliouawa Oktoba 1896 walipokuja kuanza kazi Meru. Nikiwa na wageni wa kanisa huwa nawapitisha pale.

Mwalimu: Kweli mzee wangu. Anayekwenda Longido kwa njia ya Arusha apite kwanza pale, ni pembeni tu ya barabara ya Moshi.

Kibo_Mstaafu: Mwalimu, na kuhusu mbuzi, kibali kinatoka wapi?

Mwalimu: Hatua ya 10. Ofisa mifugo wa kule unakotoka. Soma, baba, soma.

Neema_TZ: Mimi siendi popote, ila nina swali dogo. Shangazi aliagwa huko akapewa kibuyu cha maziwa. Tumekiosha na sabuni, sasa maziwa yanaharibika na yana harufu ya ajabu. Tufanyeje?

Mwalimu: Mmekiosha na sabuni! Kibuyu hakioshwi na sabuni, mwanangu, kinakunywa harufu yote. Kisuuzeni kwa maji ya moto mara kadhaa, kikauke juani siku mbili au tatu. Kisha kinafukizwa: unachukua kijiti cha mzeituni mwitu, wao wanauita oloirien, unakichoma mpaka ncha iwe kaa, unaingiza ndani unasugua pande zote. Majivu unakung'uta, unapangusa na brashi ndefu ya ukindu. Hapo ndipo unatia maziwa. Koko alinifundisha akinicheka, maana mara ya kwanza nilitia kaa kubwa mno nikatoboa kitako.

Neema_TZ: Oloirien huku Moshi tunaupata wapi?

Mwalimu: Waulize akina mama wa Kimaasai wanaouza dawa za miti sokoni. Wataje jina hilo hilo, watakupa. Na mwambie shangazi atie maziwa ya ng'ombe tu. Siyo ya pakiti.