Saba Iliyosomwa Moja: Namna ya Kuwajibika kwa Haraka Yako Kazini

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi hapa Lamu. Karakana yangu iko Langoni, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Nina mafundi wawili na wanagenzi watatu. Haya ninayoyaandika nimeyatenda kwa mwaka mmoja na nusu sasa, tangu nilipopoteza ubao mzima wa mbambakofi na kumvunja moyo kijana wa watu kwa siku moja.

Zilikuwa zimebaki wiki chache Maulidi yaingie, wakati mji unapofurika wageni na kila mwenye nyumba anataka mlango wake uwe umeshasimama. Nilikuwa nimepokea milango minne, vitanda viwili vya besera na madirisha ya nyumba moja ya Shela. Mwanagenzi wangu mdogo, mtoto wa kijiji cha Matondoni, akaja ameshika msumeno. "Ami," akaanza. Nikanyanyua mkono bila kuinua kichwa. "Siyo sasa. Huoni nina kazi?" Akarudi, akakata. Mwimo, yaani mti wa kusimama wa ubavuni mwa mlango, uliotakiwa uwe inchi 87 ukatoka inchi 81, na mwimo wa mlango wa nakshi hauungwi. Nikamkaripia mpaka wapita njia wakasimama. Baadaye naokota kipande kilichobaki, naona hati yangu mwenyewe ya penseli: 8, kisha 7 niliyoichora mbio ikakaa kama 1. Yeye alikwishaona kwamba mwimo wa pili ni 87 na hesabu hazikubaliani. Hilo ndilo alilokuja kuniuliza.

Ukiwa na kazi nyingi, hutajiona umekuwa mkali. Utajiona umekuwa na bidii. Kwa hiyo usianze kwa kujipima moyo, anza kwa kuandika unachofanya. Chukua daftari dogo, na kwa siku saba andika kila jioni vitendo tu, pamoja na saa yake. Usiandike "leo nilichoka". Andika "saa tano, fulani aliniuliza, sikumtazama." Langu lilinionyesha mambo matatu yanayojirudia: najibu bila kuinua kichwa, nampokonya mwanagenzi patasi mkononi badala ya kumwelekeza, na napita watu bila salamu.

Hilo la tatu lilinitia haya kuliko yote. Kuna mzee hukaa kwenye daka la nyumba yake, kile kibaraza cha mlangoni, baada ya alasiri, na kwa miaka mingi sijawahi kumpita pasi na salamu na kuuliza hali ya nyumbani. Katika wiki zile nilimpita mara nne, daftari linasema, simu sikioni. Siku ya tano akamwuliza ndugu yangu msikitini, "Nimemkosea nini?" Hakudhani kwamba nina shughuli. Alidhani ana kosa. Wewe unajua kwamba ni haraka tu. Aliyepitwa hajui, naye atajaza sababu mwenyewe, na mara nyingi atajitia yeye.

Binti yangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyenieleza utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1973 na John Darley na Daniel Batson. Waliwachukua wanafunzi 40 wa dini huko Princeton, wakawatuma jengo la pili kwenda kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa wazungumzie kisa cha Msamaria mwema, yule aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani. Wengine waliambiwa wamechelewa, wengine kwamba wanangojwa waende moja kwa moja, wengine kwamba wana nafasi. Kwenye kichochoro cha kupitia aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugugumia. Katika wale wenye nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Wenye haraka ya kadiri, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti kubwa. Wapo waliokuwa wakienda kuhubiri huruma nao wakampita. Nilipoyasikia haya nilimwona mzee wangu wa dakani, na nikaacha kujiambia kwamba mimi kwa asili ni mtu mwema, basi inatosha. Wema wa mtu mwenye haraka haumfikii aliyeko mlangoni.

Lakini usiutumie utafiti huo kama kichaka cha kujificha. Ndiyo, mzigo humbadilisha mtu. Sasa umeshajua kwamba mzigo unakubadilisha, basi kuuchunga ni juu yako.

Hapa sikiliza lugha yako, maana Kiswahili kinatupa milango mingi ya kutokea. "Kazi zilinizidi." "Mambo yaliingiliana." "Ubao ulikatwa vibaya." Katika sentensi hizo hakuna mtu. Kaa peke yako useme kosa kwa kitenzi ambacho mtendaji wake ni wewe: nilimkataza asiulize; niliandika namba isiyosomeka; nilimkaripia mbele za watu. Mimi nilizisema kwa sauti karakana ikiwa tupu, na ile ya kwanza ilichukua muda kutoka.

Halafu waulize wenzako, na uchague vizuri wa kumwuliza. Mwanagenzi anayekuogopa hatakwambia kitu. Nilimwendea fundi wangu mkubwa, ambaye ana umri wa kunikosoa, nikamwuliza swali hili moja: "Ni jambo gani watu humu huliacha kunieleza nikiwa na kazi nyingi?" Akajibu kwa kirefu. Alisema msasa huisha siku mbili kabla sijaambiwa, na kwamba mafundi huangalia nimevaaje uso ndipo waseme mteja amepiga simu. Usijitetee hapo. Ukianza kueleza sababu zako, swali umelifunga, na mara ya pili utapewa majibu matamu.

Kuomba radhi kuna adabu yake. Ulipokosea ndipo pa kuombea. Kama ulimkaripia mtu mbele ya wenzake, usimvute pembeni kumnong'oneza samahani huku aibu umemwachia hadharani. Mimi nilingoja chai ya saa nne, wote wapo, nikamwambia yule kijana: "Ulikuja kuniuliza, nikakufukuza. Namba niliiandika vibaya mimi. Niliyokwambia siku ile hukustahili. Niwie radhi." Nikanyamaza. Nilitaka sana kuongeza "lakini nawe ungesubiri", na ulimi nikauuma. "Lakini" moja tu ingemrudishia kosa lote. Wala usimtake akujibu papo hapo. Kwetu kijana akiombwa radhi na mkubwa huona haya, atasema "yameisha, ami" kabla hayajaisha.

Kisha lipa. Ubao ule niliununua tena kwa mfuko wangu, na posho ya kijana haikukatwa hata shilingi. Mwenye mlango nilimpigia siku hiyo hiyo, nikamwambia mlango utachelewa wiki tatu kwa sababu nilikosea kipimo, na kwamba kosa si la kijana. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Yote hayo ni bure kama mzigo utaubakiza ulivyo. Radhi inayoombwa kila mwezi kwa kosa lile lile huchosha anayeombwa. Nilihesabu kazi zilizokuwa ndani na siku halisi za mikono tuliyonayo, si siku nilizowaahidi watu. Nikakuta nimeahidi karibu mara mbili. Siku hizi sipokei mlango wa tatu mpaka mmoja wa ile miwili iliyo ndani utoke. Wateja wawili walikwenda kwingine, na mmoja wao nilimpenda sana.

Ijumaa tumeirudisha ikawa ya mapumziko. Katika msimu ule nilikuwa nikiwaita warudi baada ya swala "kwa saa mbili tu". Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo yenye malipo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Nilikuwa nikiwanyima haki yao huku nikiona nawahimiza.

Na kuna saa ya maswali: kila siku saa tatu asubuhi, kabla msumeno haujalia. Simu inakaa kwenye droo. Kila mtu anauliza, hata swali la jana. Hakuna ubao unaokatwa mpaka watu wawili wausome ukubwa wake kwa sauti. Saba yangu naipiga mkato katikati, na chini yake naandika kwa maneno: themanini na saba. Tangu hapo hatujakosea kipimo kwa sababu ya hati yangu.

Haraka itarudi, usijidanganye. Maulidi yaliyofuata ilirudi. Kwa hiyo mpe mtu mmoja ruhusa ya kukusimamisha, na mkubaliane kabla, mkiwa mmetulia. Fundi wangu mkubwa hugonga meza kwa nyundo ya mti mara mbili. Nikisikia, naweka patasi chini, natoka mpaka ukutani pwani, natazama mashua za Mokowe, ng'ambo bara, zikishusha watu, narudi. Ni dakika kumi. Alinigongea mara sita katika msimu ule, na mara moja nilimjibu vibaya, ikabidi nimwombe radhi na yeye, mbele ya wote vile vile.

Yule mzee nilimwendea dakani na kashata, nikamwambia hakunikosea kitu, nilikuwa nampita kwa haraka zangu. Alinikaribisha nikae, akanieleza habari za goti lake, na magharibi ikatukuta pale.

Kijana wa Matondoni sasa anachonga maua ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, peke yake, na mkono wake ni mzuri. Maswali anauliza. Ila kabla ya kuuliza bado hunitazama usoni kwanza, kwa nukta moja hivi, apime kama leo kunaulizika. Naiona nukta hiyo kila siku. Simharakishi aiache.