Namna ya Kuandika Wasifu wa Mwandishi wa Riwaya za Fantasia za Watoto

Anayeandika wasifu wa mtunzi wa fantasia hushawishika upesi kutafuta chimbuko la kila joka na kila mchawi katika maisha ya mtunzi huyo. Yafaa kishawishi hicho kizuiwe mpaka mfuatano wa miaka uthibitishwe. Mfano nitakaoutumia ni Diana Wynne Jones, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1934 na kufariki mwaka 2011.

Anza kwa kuchora jedwali linalotenganisha mwaka wa kuandikwa kwa kitabu, wa kuchapishwa na wa kutunukiwa, kwani hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Riwaya ya Jones iitwayo Charmed Life ilitoka mwaka 1977, lakini tuzo yake ya gazeti la Guardian la Uingereza ni ya mwaka 1978. Vilevile, riwaya ya kwanza ya Jones, iliyochapishwa mwaka 1970, iliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na ya kwanza kwa watoto ikafuata mwaka 1973. Kwa hiyo anayetaja "kitabu chake cha kwanza" bila kufafanua atampotosha msomaji.

Utoto ndio sehemu inayostahili nafasi kubwa, mradi uelezwe kwa mambo mahususi. Jones alisimulia kwamba baba yake, ambaye hakupenda kutumia fedha kwa vitabu, alinunua mfululizo wa riwaya za Arthur Ransome, akawa anawapa binti zake watatu kitabu kimoja tu kila Krismasi, nao wakigawana. Kwa kukosa cha kusoma, msichana huyo alijaza madaftari kwa hadithi alizowasomea wadogo zake. Kwa maoni yangu, habari hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za kukisia asili ya uchawi, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo aliandika akiwa na watoto wanaomsikiliza mbele yake. Hata hivyo, kwa kuwa chanzo chake ni kumbukumbu za mwandishi mwenyewe, sentensi zako zioneshe wazi kwamba yeye ndiye msimulizi.

Uhusiano na watu mashuhuri upimwe kwa tarehe. Jones aliingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1953, akahudhuria mihadhara ya C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien, watunzi mashuhuri wa fantasia waliofundisha hapo. Lewis alihamia Cambridge kufikia mwanzo wa mwaka 1955, hivyo kipindi hicho kilikuwa kifupi, ingawa kinawezekana kabisa. Kumsikiliza mhadhiri, lakini, si sawa na kumfuata katika utunzi. Athari haina budi kuthibitishwa kwa kulinganisha maandishi yao au kwa kauli ya mwandishi.

Baada ya hapo ndipo chimbuko la hadithi lijadiliwe, na usisahau kusoma tabaruku na dibaji, ambazo wengi huziruka. Katika Howl's Moving Castle ya mwaka 1986, Jones anamshukuru mvulana wa shule moja aliyoitembelea, ambaye alimwomba aandike kitabu kiitwacho The Moving Castle, yaani Kasri Linalotembea. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji kukisiwa. Filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki iliyotokana na riwaya hiyo ilitoka mwaka 2004, miaka 18 baadaye, na isiruhusiwe kuifunika kazi ya miongo iliyoitangulia.

Jedwali lisifungwe kwenye mwaka wa kifo. Jones aliacha mswada ambao haukukamilika, dada yake Ursula Jones akaumalizia, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 2014. Wote wawili watajwe kuwa waandishi wake, na sura za mwisho zisitumiwe kuwa kielelezo cha mtindo wa Diana wa uzeeni.