Jiko la bia nyumbani: vifaa vya lita 20 kwa anayeishi kwenye joto

Jikoni unapika togwa tu: maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyochemshwa na hopsi, maua makavu yanayoipa bia uchungu. Kuigeuza togwa hiyo iwe bia ni kazi ya hamira, nayo inataka usafi na ubaridi. Anayeanza Dar es Salaam au Mombasa akamaliza hela zote kwenye sufuria la kung'aa, atakuja kunywa kitu chenye harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kwa hiyo manunuzi yaanzie mwisho wa kazi, yarudi nyuma. Vipimo vyote hapa ni vya lita 20.

Friji

Hamira nyingi za bia hizi za nyumbani zinapenda nyuzi 18 hadi 22. Togwa inapochacha hujipasha yenyewe, nyuzi 3 hadi 5 juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 30 maana yake ndoo iko kwenye 34, na hapo hamira inatoa zile pombe nzito zinazochoma koo na kukuamsha na kichwa.

Tafuta friji kuukuu ya mlango mmoja ambayo bado inapoza, utoe shelfu zake. Kabla hujalipa, nenda na ndoo yako uone kama inaingia na mlango unafunga. Swichi ya ndani ya friji itakupeleka kwenye nyuzi 4, hivyo ichomeke kwenye kidhibiti joto cha nje: weka 19, tofauti nyuzi 1, na kompresa ipumzike dakika 5 kabla ya kuwaka tena. Waya wake wa kupima usiuache unaning'inia. Ubandike ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa togwa, na ufunikwe na kipande cha sponji. Ukipima hewa, friji itawaka na kuzima ovyo huku ndoo yenyewe ina joto lake.

Bila friji, simamisha ndoo kwenye beseni la maji, ivishe taulo lililolowa, na utie chupa za lita moja na nusu zilizoganda, asubuhi na jioni. Njia nyingine ni kveik, hamira ya mashambani kutoka Norway, ambayo inachacha vizuri hata kwenye nyuzi 30 hadi 38. Kwa mtaa ambao umeme unakatika kila mara, tunaona kveik ndiyo ya kuanzia.

Ndoo na vya kupimia

Ndoo iwe ya lita 30, plastiki ya chakula, yenye alama ya pembetatu na namba 2 chini yake. Ndoo ya rangi au dumu la kemikali halisafishiki hata ulisugue wiki nzima. Toboa kifuniko, pachika mpira wa duara, kisha kizuia hewa chenye maji. Ukikikosa, pitisha mpira mwembamba kutoka kwenye tundu hadi kwenye chupa ya maji. Gesi lazima itoke. Ndoo iliyofungwa kabisa itapasuka. Usiioshe kwa steelwire, maana kila mchubuko ni nyumba ya bakteria.

Nunua kipimajoto cha dijitali na haidromita, kile kioo kinachoelea kuonyesha togwa ni nzito kiasi gani kuliko maji (maji matupu ni 1.000). Ile lactometa ya maziwa inafanana nayo, lakini kipimo chake kinaanzia karibu 1.015 na kuishia 1.040, hivyo haitakuonyesha mwanzo wala mwisho wa bia. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20. Ukisoma kwenye nyuzi 30, ongeza pointi 2 hadi 3: 1.008 unayoiona ni kama 1.010.

Kwa kuua vijidudu, dawa za asidi za watengeneza bia hazihitaji kusuuzwa. Ukitumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, weka mililita 15 kwa lita 4 za maji, loweka dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiiache ndani ya sufuria la chuma cha pua, italitoboa vitundu. Wala usiichanganye na siki, gesi yake inadhuru mapafu.

Sufuria, moto na koili

Kwa njia ya mfuko, yaani kimea kuloweshwa ndani ya mfuko wa kitambaa kwenye sufuria hilohilo la kuchemshia, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, unahitaji sufuria la lita 40. Lita 28 za maji na kilo 4.5 za kimea zinafika kama lita 31, na povu linataka nafasi. Aluminiamu ya mama lishe inafaa kabisa. Fundi akufungie koki ya nusu inchi chini, ili usinyanyue uzito wa zaidi ya kilo 30 unaochemka. Mfuko ushonwe kwa kitambaa cha neti ya pazia, upana wa kuizunguka sufuria yote.

Jiko dogo la gesi litakuchosha. Tafuta lile la mpishi wa shughuli, uliweke nje au kwenye kibaraza chenye hewa. Mpiko mmoja unakula karibu kilo moja ya gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni mipiko kumi na tano hivi.

Koili ya kupozea, inayozamishwa kwenye togwa huku maji baridi yakipita ndani yake, ni mita 8 hadi 10 za bomba la shaba la milimita 10, lile la mafundi wa friji. Jaza chumvi ndani kabla ya kulikunja kwenye mtungi mdogo wa gesi lisije likabonyea, kisha lisuuze vizuri. Maji ya bomba ya Pwani yenyewe yana nyuzi 27 au 28, hayawezi kukufikisha 20. Yatumie mpaka togwa ishuke 40, halafu zungusha maji ya barafu kwa pampu ndogo.

Siku ya kupika

Kama maji yana harufu ya klorini, yaache wazi usiku kucha. Klorini ikikutana na kimea inaacha ladha ya plasta ya kidonda. Kimea kipasuliwe, kisisagwe: mashine ya posho inatoa unga, na utabaki na uji usiochujika.

Pasha maji hadi nyuzi 69, tumbukiza mfuko, mimina kimea huku ukikoroga. Joto litatua kwenye 66. Zima moto, funika kwa blanketi, subiri dakika 60. Kisha chota kijiko cha togwa kwenye sahani nyeupe, dondoshea tone la ayodini ya duka la dawa. Likibaki na rangi yake ya kahawia, wanga umekwisha kuwa sukari. Likigeuka bluu-nyeusi, mpe dakika 15 zaidi. Hicho kijiko kimwage. Usithubutu kuongeza unga wa mtama mbichi ukitegemea joto hili: wanga wake unafunguka kwenye joto la juu zaidi, hivyo unapikwa uji kwanza.

Ninginiza mfuko juu ya sufuria, ukamue. Machicha mpe mwenye ng'ombe. Chemsha dakika 60 bila kifuniko, la sivyo harufu ya mahindi ya kuchemsha inarudi ndani. Dakika 10 za mwanzo usiondoke: povu linapanda kama maziwa. Gramu 25 za hopsi zenye asidi ya alfa 8% (kipimo cha uchungu kilichoandikwa kwenye pakiti) ziingie mwanzoni, 20 zaidi dakika 5 za mwisho. Nairobi na Arusha maji yanachemka chini ya nyuzi 96, uchungu unatoka kidogo, ongeza gramu chache. Koili iingie dakika 15 za mwisho ichemkie humo.

Ikipoa, imwage kwenye ndoo kwa kishindo iingie hewa. Haidromita isome karibu 1.047. Nyunyiza gramu 11 za hamira kavu, funga.

Chupa

Kizuia hewa kuacha kububujika si ushahidi. Subiri haidromita isome namba ileile mara mbili kwa siku tatu, karibu 1.011, sawa na pombe ya 4.7% hivi. Ili bia ipate gesi ndani ya chupa, chemsha gramu 120 za sukari kwenye mililita 300 za maji, weka kwenye ndoo safi, kisha vuta bia juu yake kwa mpira bila kurusha, ukiyaacha mashapo chini. Sukari ipimwe kwa mizani. Vijiko na haraka ndivyo vinavyolipua chupa.

Tumia chupa za kahawia za nusu lita. Nyeupe na kijani zikipigwa na jua zinanuka kicheche. Jaza moja ya soda ya plastiki pamoja nazo: ikiwa ngumu kama jiwe ukiibonyeza, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili, zote ziingie kwenye friji.