Kabla hujamsajili mtoto kwenye klabu ya mpira wa Australia, uliza timu iliyo juu yake

Wazazi wenzangu mlioko Melbourne, Perth, Adelaide, Brisbane na kwingineko Australia, watoto wetu wameupenda mpira wa hapa kuliko tulivyotegemea. Ule wa umbo la yai, uwanja wa mviringo, nguzo nne kila upande, wachezaji 18 uwanjani kila timu. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ligi inaanza Aprili na kumalizika Agosti au Septemba. Naandika kwa sababu kijana wangu, akiwa na miaka 13, alikaa nje sehemu kubwa ya msimu. Ada ilikuwa imelipwa, jezi ilikuwa kabatini, na klabu haikuvunja kanuni hata moja. Tangu nilipoanza kulisimulia jambo hili kwenye misiba na kipaimara, nimekutana na familia nyingine za kwetu zilizonaswa palepale.

Taratibu za kawaida hazina shida. Usajili unafanyika mtandaoni kupitia tovuti ya PlayHQ. Cheti cha kuzaliwa kiwe karibu. Mtoto wa miaka mitano anaanzia Auskick, ambako anajifunza kwa kucheza tu, kisha anaingia timu za umri: chini ya miaka 8, 9, 10 na kuendelea. Nunua daluga na kinga ya meno. Kama uko jimbo la Victoria, lenye Melbourne, na una Health Care Card (kadi ya nafuu ya serikali kwa wenye kipato kidogo), tafuta vocha ya Get Active Kids ya kusaidia gharama za michezo, inayofikia dola 200 kwa mtoto. Hutolewa kwa awamu, kwa hiyo muulize katibu wa klabu kabla hujatoa pesa yako mfukoni. Basi, hayo yameisha.

Sasa mtego wenyewe.

Klabu ya mtaani hapa ina wakubwa na ina watoto. Mara nyingi hizo ni jumuiya mbili tofauti zinazotumia jina moja, rangi moja na uwanja mmoja wa halmashauri, kila moja na kamati yake na akaunti yake ya benki. Mgeni anapofika anaona jengo zuri, ubao wa mabingwa ukutani, picha za wanaume wameshika kombe, umati Jumamosi mchana. Anasema hii ndiyo klabu. Lakini kombe lile ni la wakubwa, na halikuambii lolote kuhusu timu atakayochezea mwanao miaka miwili ijayo.

Kwenye klabu tuliyoanzia, upande wetu wa magharibi mwa Melbourne, timu ya chini ya miaka 12 ilikuwa imejaa. Walipopanda chini ya 14, wengine wakaenda basketiboli, wengine soka letu, mmoja akahamia shule binafsi ambayo michezo yake ni Jumamosi. Majina yakabaki ya kuungaunga. Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba timu ya chini ya 16 ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia. Nani atakwambia? Watu wa hapa ni waungwana, lakini hawapendi kuwa wa kwanza kutamka habari mbaya. Ukiuliza mambo vipi, utajibiwa mazuri. Ukiuliza, “Mwaka huu mna timu ya chini ya 16? Ina wachezaji wangapi?”, utapewa namba halisi. Swali lazima liwe na namba ndani yake.

Ligi ilipoanza tukawa tunaomba vijana wa chini ya 12 wapande kutusaidia. Mwezi wa tano timu ikaondolewa kwenye ligi, kwa barua pepe fupi iliyojaa shukrani. Meneja akasema tusubiri, wanazungumza na klabu jirani waunganishe timu. Tukasubiri, kwa sababu kwetu mtu mzima mwenye dhamana akikwambia subiri, unasubiri. Mazungumzo hayakuzaa kitu, na Juni ikaisha.

Shikeni tarehe hii: 30 Juni. Katika mpira huu wa jamii, uhamisho kutoka klabu moja kwenda nyingine hufungwa siku hiyo. Klabu jirani ilikuwa radhi kumpokea, kocha alishamwona mazoezini, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Mtoto akawa anakwenda kutazama wenzake wa shule wakicheza, na baada ya wiki chache akaacha kwenda. Nawaambia tena: timu ikianza kuyumba, msisubiri mazungumzo ya viongozi. Siku hiyohiyo andika barua pepe kwa katibu wa klabu na nakala kwa ligi, omba uhamisho, weka tarehe. Hakikisha hudaiwi chochote, ada wala jezi ya kuazima, maana deni linaweza kuwa sababu ya kukataliwa. Urejeshewaji wa ada nao ufuatilie kwa maandishi; maneno ya mdomo kando ya uwanja hayana uzito, hata kama aliyeyasema alimaanisha.

Nilitaka kuelewa kwa nini klabu yenye makombe ishindwe kupata vijana 20 wa miaka 13 katika eneo lililojaa watoto. Nikaanza kuuliza, na jibu liko kwenye pesa na uvivu wa kupanga mbele. Hata katika madaraja ya mtaani, wapo wachezaji wakubwa wanaolipwa kwa mechi. Klabu inaleta watu kutoka mbali, inashinda, mdhamini anafurahi, mauzo ya baa yanapanda. Wakati huohuo kocha wa watoto ni baba mmoja anayetoka kazini mbio, mipira haitoshi, na hakuna anayempigia simu mzazi ambaye mwanawe hakuonekana mazoezini. Watoto wadogo hawaondoki, wanaletwa na mama zao. Wanaondoka wakifika miaka 13 hadi 16, umri ambao kijana anajiamulia, na hapo ndipo klabu zinakatika.

Viongozi wa mpira huo katika Victoria wameliona. Mwaka 2016 walileta mfumo wa pointi kwa timu za wakubwa, kisha mwaka 2017 wakaweka kikomo cha malipo ya wachezaji. Kila mchezaji ana pointi zake na timu ina kiwango isichoruhusiwa kuvuka. Aliyelelewa na klabu hiyohiyo tangu utoto huhesabiwa pointi 1. Wanaoletwa kutoka nje, hasa waliocheza ngazi za juu, ni wazito zaidi. Maana yake klabu iliyolea watoto wake inaweza kujaza kikosi kwa pointi chache, na iliyowaacha wapotee inabanwa. Naunga mkono mfumo huu kwa moyo wote. Lakini hauwezi kumtengeneza kijana wa miaka 19 ambaye alishaacha kucheza akiwa na 14. Ukienda miji midogo ya ndani utakuta klabu zenye majina mawili yaliyounganishwa, wakati mwingine matatu. Kila jina lilikuwa klabu kamili yenye uwanja wake na watoto wake.

Sisi tunaijua hadithi hii. Timu ya mtaa inabebwa na tajiri mmoja, anachoka au biashara inayumba, na timu inakufa naye. Tofauti ni kwamba nyumbani mtoto mwenye kipaji bado ana shule: kuna UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, kuna UMISSETA ya sekondari, mwalimu wa michezo atamwona. Hapa, kwa watoto wengi, mchezo huu unaishi kwenye klabu. Klabu ikikosa timu ya umri wake, mwalimu hatamwokoa.

Na hapa niseme na ndugu zetu, kwa upendo. Mjomba akishasikia kwamba Aliir Aliir, beki anayelipwa kucheza ligi kuu ya AFL, alizaliwa kambi ya Kakuma pale Kenya, na kwamba Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alianza kucheza ligi hiyo mwaka 2013, anapiga simu kuuliza mtoto wetu atasaini lini. Mjomba, tulia. Vijana huchaguliwa kwenda AFL kuanzia mwaka wanaotimiza miaka 18. Kabla ya hapo kuna miaka ya kucheza kila wiki, baridi na matope, chini ya 14, chini ya 16, chini ya 18. Klabu inayokatikia 14 haiwezi kumfikisha huko, na hata kama hatafika, ambavyo ndivyo ilivyo kwa karibu wote, anahitaji mahali pa kucheza na watu wa kumjua kwa jina akiwa na miaka 16. Wengi wa vijana wetu hapa wanahitaji hilo kuliko mkataba.

Binamu zangu waliofika karibuni wana kosa lingine: wanalipa ada, wanamshusha mtoto getini, wanaondoka. Kwetu ukilipa umemaliza. Hapa ada inalipia bima, waamuzi na uwanja. Kazi nyingine yote inafanywa na wazazi. Kuna wa kupeperusha bendera golini, wa mstari, wa saa, wa maji, wa kukata machungwa ya mapumziko, wa kufua jezi, wa kantini. Pata Working with Children Check, kibali cha kukaguliwa kabla ya kufanya kazi na watoto. Kwa anayejitolea katika Victoria ni bure, inadumu miaka mitano, ila usiitumie kwa kazi ya kulipwa. Nawasifu Waaustralia kwa hili bila kusita: nimemwona daktari bingwa na fundi bomba wakichora mistari ya uwanja pamoja alfajiri, hakuna anayemwita mwenzake mheshimiwa. Timu zinazovunjika mara nyingi ni zile ambazo wazazi wake walikuwa wateja tu. Mama wa Kitanzania anayejua kuendesha kikoba anaweza kuiendesha kantini ile na faida ikaonekana.

Suala la Jumapili ni gumu na sitalificha. Mechi nyingi za watoto Melbourne ni Jumapili asubuhi, ibada inakwenda. Wengine wana madrasa wikiendi. Zungumza na meneja mapema, ratiba inatoka mapema, na baadhi ya ligi zina michezo Ijumaa jioni au Jumamosi. Pia sherehe za klabu huzunguka baa. Uliza hafla za watoto zinafanyika wapi na pombe inauzwa saa ngapi. Niliwahi kuuliza hivyo kikaoni, na wazazi wawili Wazungu wakanifuata baadaye kunishukuru.

Kuhusu kuumia: sheria hairuhusu bima ya klabu kulipia huduma inayolipiwa na Medicare, bima ya afya ya serikali, wala lile pengo unalobaki kulipa mwenyewe juu yake. Ambulensi haimo kwenye Medicare. Katika Victoria, asiye na uanachama wa Ambulance Victoria wala kadi ya nafuu anaweza kudaiwa zaidi ya dola 1,000 kwa safari moja. Lipia uanachama wa familia kabla ya mechi ya kwanza. Mtoto akipata mtikisiko wa ubongo, mwongozo wa mpira wa jamii unataka zipite angalau siku 21 kabla hajarudi kucheza mechi, na daktari aridhie. Hata kocha akikwambia mtoto yuko sawa, mtoe. Timu yenye wachezaji pungufu ndiyo inayoshawishika kumrudisha mtoto mapema, kwa hiyo hata hili linarudi kwenye idadi.

Namna ya kuichunguza klabu bila kumuuliza mtu ni hii. Fungua PlayHQ, tafuta ligi ya eneo lako, fungua msimu uliopita na ule wa kabla yake, kisha shuka umri kwa umri ukitafuta jina la klabu. Nilipofanya hivyo kwa klabu yetu ya zamani, niliona chini ya 10 timu mbili, chini ya 12 timu mbili, chini ya 14 timu moja, chini ya 16 hakuna, chini ya 18 hakuna. Lile pengo lilikuwa wazi kwa yeyote, limekaa hapo muda wote. Angalia pia upande wa wasichana, maana klabu nyingi zilifungua timu zao tangu ligi ya wanawake ya AFL ilipoanza mwaka 2017, lakini si zote zilizozitunza. Tangu 1 Julai 2024 halmashauri za Victoria zinatakiwa kuwa na sera ya kuwapa wanawake na wasichana haki sawa ya kutumia viwanja, kwa hiyo ukiambiwa wasichana hawana saa ya mazoezi, peleka swali halmashauri.

Kijana wangu sasa yuko klabu yenye ubao mfupi wa mabingwa na timu mbili za chini ya 16. Alhamisi wachezaji wa timu ya wakubwa hubaki uwanjani kuwafundisha wadogo kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, na ni kazi waliyopangiwa na kamati, kwa zamu iliyobandikwa mlangoni.

Ukishakaa msimu mmoja, nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Kwa sheria ya Victoria jumuiya iliyosajiliwa lazima iufanye ndani ya miezi mitano baada ya mwaka wake wa fedha kuisha, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Soma kwanza katiba ya klabu ujue kama mzazi ana kura. Uliza kiasi kilichotumika kwa wakubwa na kwa watoto, na watoto wangapi wa mwaka jana hawakurudi. Wetu ni mwezi wa kumi na moja, na nimeshampelekea katibu ajenda yangu kwa maandishi: nani atakuwa kocha wa wasichana wa chini ya 16, na atajulikana kabla ya Januari?