Namna ya Kuitunza Meli ya Kivita Iliyostaafu Mtoni

Katika Mto James, jimboni Virginia nchini Marekani, meli za akiba, yaani zilizoondolewa kazini na kuhifadhiwa, zimekuwa zikitiwa nanga karibu na kambi ya jeshi ya Fort Eustis tangu 1919. Anayekabidhiwa meli ya namna hiyo aanze kwa kuondoa mafuta yaliyobaki matangini, kwa maana mafuta yakivuja, mto mzima huumia, na hilo kwangu ni zito kuliko kuharibika kwa meli yenyewe.

Kisha funga vali zote zinazopitisha maji ya mto, uteremke ngamani, chini kabisa ya meli, na tochi, ukapitishe kidole chini ya kila kiungo cha bomba: kikitoka na tone lenye rangi ya kutu, hapo pana kazi.

Ndani, adui ni unyevu. Kutu hupungua sana unyevu wa hewa ukishushwa chini ya asilimia 50, ndiyo maana milango huzibwa na mashine za kukausha hewa zikaachwa zifanye kazi mfululizo. Nje, bamba za chuma zilizo majini hulindwa kwa mkondo hafifu wa umeme au vipande vya zinki, ambavyo huliwa na kutu badala ya chuma na hubadilishwa vinapokwisha.

Minyororo ya nanga ikaguliwe kila baada ya dhoruba.